Jogoo Ni Nusu ya Kundi: Kuchagua Mbegu ya Kuku Katika Kaya Zetu

Haya ni maneno ya Afisa Mifugo wa Kata katika mkutano wa wakazi uliofanyika kwenye uwanja wa ofisi ya kata. Jarida linayachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.



Nimeombwa nizungumze kuhusu kuku. Huenda wapo wanaoona kuwa jambo hili ni dogo mno kuwekwa katika mkutano wa kata, mahali ambapo hujadiliwa barabara, maji na zahanati. Lakini kila mmoja wetu anajua kwamba daftari la mtoto likikosekana jioni, kinachouzwa asubuhi si ng'ombe, ni kuku. Mgonjwa akitakiwa kupelekwa hospitali usiku, nauli ya bodaboda mara nyingi hutoka katika tundu la kuku. Na katika kaya nyingi za kata hii, kuku ni mali ambayo mama mwenye nyumba anaweza kuiuza bila kuitisha kikao. Kwa hiyo kundi la kuku likidhoofika, kinachodhoofika ni akiba ya nyumba nzima.

Katika ziara zangu za vitongojini, malalamiko matatu nimeyasikia kuliko mengine yote. La kwanza ni la mayai: mtetea ameatamia mayai kumi na mawili, wameanguliwa vifaranga wanne, na yaliyobaki ni viza. La pili ni la kuku chotara: walionunuliwa walikua upesi na kutaga vizuri, lakini watoto wao hawakufanana nao. La tatu ni la kuatamia: kuku wanataga, ila hakuna anayekubali kulalia mayai. Wapo wanaoyahusisha mambo haya na mkono mbaya wa jirani, wapo wanaolaumu majira, na wapo wanaomlaumu aliyewauzia vifaranga.

Leo nataka kuonyesha kwamba malalamiko hayo matatu, ingawa yana sababu nyingine pia, yana mzizi mmoja unaosahauliwa. Mzizi huo ni urithi, yaani yale ambayo kuku hupokea kutoka kwa wazazi wake. Na kwa kuwa mwenye kuku ndiye anayeamua ni yupi awe mzazi, sehemu kubwa ya dawa imo mikononi mwetu wenyewe, tena haihitaji fedha nyingi.

Kuku hurithi nini, na kwa nani

Wahenga walisema mtoto wa kuku hafundishwi kuchakura. Walikuwa wameona jambo ambalo wataalamu walikuja kulieleza baadaye: kifaranga huanguliwa akiwa tayari amebeba maagizo ya namna atakavyokua na atakavyoishi. Maagizo hayo huitwa jeni, nayo yamepangwa katika nyuzi ndogo sana zisizoonekana kwa macho, ambazo huitwa kromosomu. Kuku ana kromosomu 78, yaani jozi 39. Katika kila jozi, moja imetoka kwa baba na moja kwa mama. Mwaka 2004 wataalamu walichapisha ramani ya jeni zote za kuku kwa mara ya kwanza, wakitumia kuku mwitu mwekundu wa Asia ya Kusini-Mashariki, ambaye ndiye mzee wa kuku tunaowafuga leo.

Jozi moja kati ya hizo ndiyo inayoamua kama kifaranga atakuwa jogoo au mtetea, na hapa kuku hutofautiana na binadamu. Kwa binadamu, mbegu ya baba ndiyo huamua jinsia ya mtoto. Kwa kuku, mwamuzi ni mama. Jogoo ana kromosomu mbili za aina moja, zinazoitwa Z. Mtetea ana Z moja na nyingine fupi inayoitwa W. Yai likibeba Z, kifaranga atakuwa jogoo. Likibeba W, atakuwa mtetea. Uamuzi huo hufanyika kabla ganda la yai halijatengenezwa. Kwa sababu hiyo, ile imani kwamba yai lililochongoka hutoa jogoo na yai la mviringo hutoa mtetea haina msingi. Umbo la yai hutokana na mrija wa mayai wa mama, nalo halijui kilichomo ndani. Anayechagua mayai ya mviringo ili apate mitetea watupu ataishia kupata nusu kwa nusu, au karibu na hapo, kama jirani yake ambaye hakuchagua.

Kutokana na mpangilio huo kuna jambo lenye faida kwetu. Mtetea hupokea Z yake moja kutoka kwa baba peke yake, kwa maana mama amempa W. Waliowahi kununua vifaranga wa kuku wa mayai wa rangi ya kahawia wameliona jambo hili bila kuambiwa. Vituo vya kutotoleshea humchanganya jogoo mwenye rangi ya kahawia na mtetea mwenye jeni ya weupe. Vifaranga wakianguliwa, wa kike huwa na rangi ya kahawia kama baba, na wa kiume huwa weupe kama mama. Hivyo hutengwa siku ile ile kwa kutazama rangi tu. Mabinti wamefuata upande wa baba kwa sababu jeni ile ya rangi imekaa kwenye Z.

Sasa fikirini juu ya kundi la nyumbani. Mtetea mmoja wa kienyeji huatamia labda mara tatu kwa mwaka, na watoto wake ni wachache. Lakini jogoo mmoja mwenye mitetea kumi ni baba wa vifaranga wote wa banda hilo. Nusu ya urithi wa kila kifaranga ni yake. Ndiyo maana nasema jogoo ni nusu ya kundi. Hatagi, lakini jeni za kutaga anazo, nazo huwapa binti zake. Haatamii, lakini jeni za kuatamia anazo. Pamoja na hayo, jinsi tunavyomchagua mnaijua: mapora wakubwa huuzwa kwanza kwa sababu wana bei nzuri, na anayebaki kuwa baba ni yule aliyekosa mnunuzi. Tunauza mbegu bora na kupanda makapi. Hakuna mkulima wa mahindi hapa anayeweza kufanya hivyo na shamba lake.

Mayai viza na ndugu wa damu

Nirudi kwenye lalamiko la kwanza. Mayai yasipoanguliwa, msikimbilie kulaumu urithi wala jogoo kabla ya kuchunguza. Yai lililokaa zaidi ya siku kumi kabla ya kuatamiwa hupoteza uhai. Yai lililowekwa juani au karibu na jiko huharibika. Jogoo mmoja akipewa mitetea ishirini, hawezi kuwafikia wote ipasavyo. Mtetea anayeondoka kwenye kiota kwa muda mrefu, au mwenye utitiri, huacha mayai yapoe.

Njia rahisi ya kujua tatizo liko wapi ni kumulika mayai. Siku ya saba ya kuatamia, ingieni katika chumba chenye giza usiku, shikeni yai mbele ya tundu dogo la mwanga wa tochi. Yai likiwa na mishipa ya damu iliyosambaa kama mizizi, kifaranga yu hai. Likiwa jeupe tupu kama lilivyotagwa, yaelekea halikupata mbegu ya kiume. Hapo mtazameni jogoo. Likiwa na mduara wa damu, au kivuli kisichokuwa na mishipa, kifaranga alianza kisha akafa. Hapo tazameni utunzaji wa mayai, afya ya mama, na udugu kati ya baba na mama.

Kuhusu jogoo mwenyewe, wakati mwingine kasoro ni ya kuzaliwa. Nitatoa mfano mmoja. Wapo kuku ambao upanga wa kichwani, ambao wengine huuita undu, haukusimama kama msumeno, bali umebapa na kujaa vinundu vidogo. Umbo hilo limo katika historia ya elimu ya urithi. Mnamo mwaka 1902 mtaalamu wa Uingereza aitwaye William Bateson alitumia kuku wa namna hiyo kuonyesha kwamba kanuni za urithi ambazo Gregor Mendel alizigundua katika njegere zinafuatwa pia na wanyama. Wafugaji wa huko walikuwa wamezoea kuona kwamba majogoo wengi wa upanga uliobapa hawana uzazi mzuri, lakini sababu haikujulikana. Ilielezwa mwaka 2012: mabadiliko ya kromosomu yanayoleta umbo lile la upanga huvunja pia jeni nyingine inayohitajika ili mbegu za kiume ziogelee vizuri. Jogoo aliyerithi mabadiliko hayo kwa baba na mama hupanda kama kawaida, lakini mbegu zake hazifiki mbali. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu hana shida. Kwa hiyo ukiwa na jogoo wa upanga wa namna hiyo, mwenye nguvu na mchangamfu, na mayai yakimulikwa ni meupe tupu, usihangaike na dawa; badilisha jogoo.

Lakini jambo linalotuumiza zaidi ni jingine, nalo ni kuzaliana kwa ndugu wa damu. Jogoo anabaki bandani miaka mitatu au minne. Binti zake huanza kutaga wakiwa na umri wa miezi sita hadi minane, na anayewapanda ni baba yao. Akiuzwa, nafasi yake hushikwa na mwanawe, ambaye huwapanda dada zake.

Ubaya wake ni huu. Kila kiumbe hubeba jeni kadhaa zenye kasoro, ambazo hazimdhuru kwa sababu nakala ya pili, iliyotoka kwa mzazi wa pili, ni nzima na hufunika kasoro hiyo. Baba na binti wana jeni nyingi zinazofanana, kwa maana nusu ya jeni za binti ni za baba yule yule. Wakizaliana, kwa kila jeni kuna nafasi moja katika nne kwamba kifaranga atapokea nakala mbili zilizotoka mahali pamoja. Kaka na dada wa baba mmoja na mama mmoja, hesabu ni hiyo hiyo. Kasoro iliyokuwa imefunikwa hufunuliwa. Matokeo yake huonekana kwanza katika uzazi: mayai hupungua, vifaranga hufia ndani ya ganda, na waliotoka huwa dhaifu. Hakuna ugonjwa ulioingia, na hakuna jirani aliyefanya jambo. Ni ukoo uliojifungia ndani.

Hesabu nyingine itawaonyesha kwa nini idadi ya majogoo ni muhimu. Katika kundi lililofungwa, lenye jogoo mmoja na mitetea kumi, udugu wa damu huongezeka kwa karibu sehemu 14 katika kila 100 kwa kila kizazi. Mkiwa na majogoo wawili wasio ndugu kwa mitetea hao hao, ongezeko hushuka hadi sehemu 7 na nusu. Kuongeza mitetea kumi mingine hakusaidii kama kuongeza jogoo mmoja.

Kwa nini watoto wa chotara hawafanani na wazazi

Lalamiko la pili ni la chotara, na hapa niseme kwanza kwamba sipingi kuku chotara wala kuku wa kisasa. Mtetea wa kisasa wa mayai hutaga mayai yapatayo 300 kwa mwaka, wakati wa kwetu anayezurura uani hutaga 40 hadi 60. Kwa mwenye banda, chakula na chanjo, kuku hao ni biashara halali na yenye tija. Ninachotaka kueleza ni kwamba yai la kula na yai la kuangua si kitu kimoja.

Kuku hao hutengenezwa kwa kuchanganya koo mbili, tatu au nne zilizotunzwa kando kando kwa miaka mingi. Koo zilizo mbali zikikutana, kasoro za ukoo mmoja hufunikwa na uzima wa ukoo mwingine, na watoto huwa na nguvu kuliko wazazi wao. Nguvu hiyo ni kubwa kabisa katika kizazi cha kwanza. Ukimchukua jogoo chotara na mtetea chotara wa kizazi hicho ukawaacha wazaliane, nusu ya nguvu ile hupotea kwa watoto wao. Tena jeni zilizokuwa zimekutanishwa kwa mpango hutawanyika upya: mmoja atatoka mkubwa, mwingine mdogo, mmoja mwekundu, mwingine wa madoadoa, mmoja mtagaji na mwingine mlaji tu. Aliyekuuzia vifaranga huenda hakukudanganya. Alikuuzia kizazi cha kwanza, nacho hakijirudii.

Kuna jambo la pili. Mwili wa kuku hauwezi kusukumwa kila upande kwa wakati mmoja. Kuku wa nyama wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya kukua upesi, na jeni zinazoleta ukuaji huo huelekea kupunguza utagaji na uzazi. Hata mashamba makubwa yanayofuga wazazi wa kuku wa nyama hulazimika kuwapimia chakula kwa uangalifu, kwa sababu wakila hadi kushiba hunenepa na uzazi wao huharibika. Basi anayebakiza jogoo wa nyama bandani kwa kutamani ukubwa wake, akidhani atapata watoto wakubwa na watagaji, anatafuta vitu viwili vinavyokimbiana.

Ushauri wangu ni huu: mayai ya chotara yaleni, yauzeni, na mkitaka chotara wengine nunueni vifaranga wapya wa siku moja. Mayai ya kuangua nyumbani yatoke kwa mitetea na majogoo ambao mnawajua ukoo wao.

Kuku anayeatamia

Sasa nifike kwenye lalamiko la tatu, na hapa ninalo la kukiri. Nilipoanza kazi hii, nikiwa kijana na mbali na hapa, niliwashauri wakazi wa kijiji kimoja waondoe majogoo wao wote wa kienyeji na kupokea majogoo wa kigeni. Nilikuwa nimefundishwa hivyo, na niliamini. Watoto wa kwanza walikuwa wazuri, na mayai yaliongezeka. Niliporudi baada ya miaka michache, mama mmoja mzee alinipeleka bandani kwake akanionyesha kiota chenye mayai kumi na manne, na kuku wake wote wakiwa nje. Aliniambia kwamba kuku wake sasa hutaga na kuondoka, na kwamba hata kuku wa kuazima wa kumlalilia mayai hayo hampati, kwa kuwa majirani wote walikuwa wamefuata ushauri ule ule. Kijiji hakikuwa na umeme wala mashine ya kutotoleshea. Sikuwa na jibu la kumpa siku ile.

Jibu ninalo leo. Kuatamia ni tabia ya kurithi, inayoongozwa na jeni kadhaa. Mtetea mwenye jeni hizo akikaa na mayai yake, tezi iliyo chini ya ubongo humwaga kwa wingi homoni iitwayo prolaktini. Homoni hiyo humfanya akae kiotani, na hapo ovari husinyaa na utagaji husimama. Kwa mwenye biashara ya mayai, siku hizo 21 za kuatamia na majuma ya kulea ni hasara. Ndiyo maana wafugaji wa koo za mayai, kama Leghorn mweupe, waliwaondoa waatamiaji kizazi baada ya kizazi, hadi tabia hiyo ikawa adimu. Hawakukosea, wao wana mashine. Sisi tulipoleta majogoo wa koo hizo bila kufikiri, tuliingiza pamoja na mayai mengi jeni za kutoatamia, na hatukuziona kwa sababu jogoo hazionyeshi mwilini mwake.

Kwa kaya isiyo na mashine, mtetea anayeatamia ndiye mashine. Hupasha mayai joto linalofaa, huyageuza mara nyingi kwa siku, huwalinda vifaranga dhidi ya mwewe, na huwafundisha pa kupata chakula. Haidai umeme. Mkiwa na mtetea anayeatamia mayai kumi na mbili na kuangua kumi, msimuuze kwa sababu ni mdogo wa umbo. Huyo ndiye mama wa majogoo yenu.

Nasema hivi pia kwa sababu kuku wetu wa asili hawana thamani ya kuatamia tu. Nchini Tanzania tunao Kuchi warefu wenye miili mizito, tunao Ching'wekwe wafupi, tunao Singamagazi, na tunao kishingo walio katika vijiji vingi. Kishingo, ambaye wengine humcheka, ana jeni moja inayopunguza manyoya shingoni na mwilini, na hivyo humsaidia kustahimili joto. Jeni kama hizo zikipotea katika banda la mwisho, hazinunuliki tena kwa fedha yoyote.

Tufanye nini

Ndugu wananchi, sikuja kuwapa elimu ya kusikiliza tu. Naomba tukubaliane mambo matano.

Kwanza, chagueni jogoo kabla ya kuuza. Kila kundi la mapora linapokua, wekeni kando wawili walio bora, ndipo muuze wengine. Mchagueni kwa kumtazama mama yake: anataga mayai mangapi kwa mkupuo, anaatamia vizuri, vifaranga wake wangapi hufikia umri wa miezi mitatu. Kumbukumbu haihitaji kompyuta. Uzi wa rangi mguuni mwa kuku na daftari la kurasa chache vinatosha.

Pili, jogoo asikae bandani hadi binti zake waanze kutaga. Kwa kawaida, miezi sita hadi minane baada ya vifaranga wake wa kwanza kuanguliwa, wakati wake umekwisha. Abadilishwe na jogoo kutoka kitongoji kingine, asiye ndugu.

Tatu, mnapobadilisha jogoo, kumbukeni kwamba mtetea huhifadhi mbegu za kiume mwilini mwake kwa majuma mawili na zaidi. Yai lililotagwa siku ya tano baada ya jogoo wa zamani kuondoka laweza bado kuwa lake. Ngojeni majuma matatu ndipo mwanze kukusanya mayai ya kuangua. Yale ya katikati yaleni au yauzeni.

Nne, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Jogoo aliyetoka mahali pengine asiingizwe bandani siku hiyo hiyo. Atengwe majuma mawili, achanjwe dhidi ya mdondo, aogeshwe dawa ya utitiri, ndipo achanganywe. Urithi mzuri haumsaidii kuku aliyekufa kwa kideri. Kuku wote wa nyumbani nao wachanjwe kila baada ya miezi mitatu kwa tone la jichoni, kama tulivyozoea.

Tano, na hili ndilo ombi langu kwa mkutano huu: kila kitongoji kiteue mtu mmoja wa kutunza orodha ya majogoo. Orodha iandike jogoo ni wa nani, ametoka wapi, mama yake ni yupi, na ameingia bandani lini. Orodha zote zitawekwa pamoja katika daftari moja kwenye ofisi yangu. Mkazi akitaka kubadilisha jogoo, atafika ofisini, tutatazama daftari, na tutamwelekeza kwa mkazi wa kitongoji kingine mwenye haja kama yake. Wabadilishane jogoo kwa jogoo. Huduma hiyo ya daftari haina malipo. Nitakuwepo pia kuwaonyesha namna ya kumulika mayai kwa wale ambao hawajawahi kuiona.

Najua wapo watakaosema kwamba jogoo wangu ni mzuri, kwa nini nimpe mwingine? Nawajibu hivi: uzuri wake tayari umo katika binti zake. Akibaki kwako, atawaharibia. Akienda kwa jirani, atamjenga jirani, na wa jirani atakujenga wewe. Katika jambo hili, hakuna kaya inayoweza kuwa na kuku bora peke yake kwa muda mrefu. Ubora hukaa katika kata nzima au haukai popote.

Yule mama mzee niliyemtaja hakunilaumu. Aliniuliza tu kama kule nilikotoka bado kuna kuku anayeatamia, nami nilimpelekea mitetea mitatu na pora mmoja. Nilipohama eneo lile, walikuwa wamekwisha kuangua mara mbili. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia hadi leo kila ninapotoa ushauri: sitazami mtoto wa kwanza tu, natazama pia mjukuu.

Nawaomba nanyi mfanye hivyo. Mtakapofika nyumbani leo, kabla ya kuwafungia kuku, mtazameni jogoo wenu, mjiulize baba yake ni nani na mitetea wale ni nani kwake. Msipojua jibu, daftari letu lianze na ninyi.